Umemaliza matibabu ya saratani ya titi, sasa umehisi kitu: hatua za kufuata

Mwongozo huu ni wa mwanamke aliyekwisha kufanyiwa upasuaji, akatundikiwa dripu za kemo, pengine akaenda Dar es Salaam kukaa wiki kadhaa akipigwa mionzi Ocean Road, hospitali ya saratani, kisha akarudi nyumbani: Chang'ombe, Nzuguni, Kongwa, Mpwapwa, Kondoa, hata Manyoni na Singida. Ameambiwa amemaliza, awe anakuja kliniki tu. Ndugu wamefurahi, kanisani imetolewa sadaka ya shukrani. Halafu siku moja anaoga, mkono unapita kwenye kovu na kukuta kigumu ambacho hana hakika kama jana kilikuwepo.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kushtuka huko si kukosa imani wala si kukosa shukrani, na asikwambie mtu kwamba unajiletea ugonjwa kwa kuuwaza. Mimi nimetibiwa titi la kushoto na naishi hapa Dodoma. Si daktari. Ninayoyaandika nimeyapata kwa madaktari na manesi walionihudumia, na kwa kinamama tuliokaa pamoja kwenye mabenchi ya kliniki. Kubwa ninalotaka ulishike ni hili: titi lililotibiwa huwezi kulilinganisha na la mwanamke mwingine, wala na lilivyokuwa kabla ya kuugua. Unalilinganisha na lenyewe lilivyokuwa mwezi uliopita, na picha ya mwaka huu inalinganishwa na ya mwaka jana. Hofu nyingi za bure nilizoziona kwa wenzangu zilitokea kwa sababu hapakuwa na cha kulinganishia.

Hatua ya 1: Lijue titi lako lilivyo leo

Anza kabla hujashtuka. Chagua siku moja katika mwezi. Kama bado unapata hedhi, iwe kama wiki moja tangu damu ilipoanza, kwa sababu kabla ya hapo titi hujaa na kuuma lenyewe. Kama hedhi imekoma, kwa umri au kwa dawa, shika tarehe moja usiyoweza kuisahau.

Simama mbele ya kioo penye mwanga wa dirisha. Mikono ikiwa chini, tazama. Inyanyue juu, tazama. Ishike kiuno na kukibana, tazama tena, maana ngozi inayovutwa kwa ndani huonekana zaidi misuli ya kifua inapokaza. Angalia rangi ya ngozi, umbo la titi, chuchu imeelekea wapi, kovu limekaaje. Kisha bafuni, mikono ikiwa na sabuni, tumia vidole vitatu vya kati vikiwa vimelala bapa. Bonyeza kidogo, halafu zaidi, halafu mpaka usikie mbavu. Pita titi zima, pita juu ya kovu lote, ingia kwapani, maliza juu na chini ya mtulinga. Aliyekatwa titi lote naye afanye hivyohivyo kifuani, akifuata mshono kutoka mwanzo hadi mwisho.

Titi la upande wa pili usiliruke. Kinamama wengi husahau kwamba nalo linaweza kupata saratani mpya ambayo haina uhusiano na ile ya kwanza.

Sasa chukua daftari la shule, lile la kawaida. Chora duara mbili, moja ya titi la kulia, moja ya la kushoto, na kila duara liwe uso wa saa ya ukutani. Kila unachokigusa kitie alama mahali pake, na andika pembeni: kigumu au laini, kinateleza au kimeshika, kinauma au hakiumi, kina ukubwa wa punje ya mahindi au wa karanga. Wataalamu wa picha nao hutaja sehemu za titi kwa saa, lakini wao hufuata namba iliyochapwa kwenye saa. Mshale ukiwa kwenye 3, wao wataandika 3, hata kama sisi tungesema saa tisa. Andika namba unayoiona kwenye saa, mtaelewana.

Mara moja kwa mwezi inatosha. Najua mkono unavyotaka kurudi palepale asubuhi na usiku, lakini titi linalobonyezwa kila siku huuma kwa sababu ya kubonyezwa, na maumivu hayo yanaleta hofu mpya. Ukishaandika, funga daftari.

Hatua ya 2: Tenganisha yanayotokana na matibabu na yasiyotakiwa kusubiri

Mionzi na kisu huacha mambo mengi nyuma. Titi lililopigwa mionzi huweza kuvimba, kuwa zito, na ngozi yake kuwa nene na nyeusi kuliko ya upande wa pili. Hayo huchukua miezi, kwa wengine mwaka na zaidi, kabla ya kutulia. Baadaye linaweza kusinyaa na kukaza, likawa dogo kuliko mwenzake. Maumivu ya kuchoma ghafla, ya sekunde chache kisha kwisha, yanatokana na mishipa ya fahamu iliyokatwa, na yanaweza kuja na kuondoka kwa miaka. Ganzi kwapani na upande wa ndani wa mkono ni jambo la kawaida kwa aliyeondolewa tezi za kwapa. Wengine hutokewa na kamba ngumu inayovuta kutoka kwapani kuelekea kiwikoni wiki chache baada ya upasuaji. Hiyo huisha kwa mazoezi, ulizia kitengo cha fiziotherapia.

Mahali palipotolewa uvimbe panaweza kujikusanya maji, ukahisi kifuko. Kuna pia jambo moja linaloogopesha kuliko yote na mara nyingi halina madhara: mafuta ya titi yaliyojeruhiwa kwa kisu au mionzi hufa na kugeuka kidonge kigumu. Kidonge hicho hutokea miezi mingi baadaye, hata miaka. Kwa mkono huwezi kukitofautisha na saratani, na kuna wakati hata kwenye picha kinamsumbua daktari mpaka kinyama kidogo kichukuliwe kwenda kupimwa. Nimekitaja kwa sababu mbili. Kwanza, ujue kwamba kigumu kipya mahali pa upasuaji hakimaanishi moja kwa moja kwamba ugonjwa umerudi. Pili, ujue kwamba mwenye kusema ni kipimo. Shoga, mchungaji, mganga na wewe mwenyewe hamna uwezo huo.

Kwa sisi tunaolima kuna jambo la kuongeza. Msimu wa palizi, wa kupura uwele au wa kupogoa mizabibu, misuli ya kifua na bega la upande uliotibiwa hulalamika. Maumivu yaliyokuja baada ya siku mbili za jembe na kupungua ukipumzika yana maelezo. Yaandike daftarini pamoja na kazi uliyokuwa ukifanya, daktari atauliza.

Haya yafuatayo hayasubiri siku ya kliniki. Nenda wiki hiyohiyo:

- Uvimbe mpya kwenye titi, kwenye kovu, kwapani, au juu ya mtulinga, hata kama hauumi. Uvimbe usiouma haukupi ruhusa ya kukaa.
- Vipele au vinundu vidogo vigumu kwenye ngozi ya kifua, hasa kando ya mshono, au kidonda kisichopona.
- Ngozi kubonyea ndani au kuwa kama ganda la chungwa wakati hapo kabla ilikuwa imekwisha kutulia.
- Chuchu kuingia ndani, kuchubuka, au kutoa majimaji yenye damu.
- Alama za zambarau au nyekundu iliyoiva zinazofanana na mavilio ya damu kwenye ngozi iliyopigwa mionzi, hata kama ni miaka mingi imepita. Ni nadra, lakini zionwe.
- Mkono kuanza kuvimba.
- Maumivu ya mfupa yasiyoondoka, yanayozidi usiku. Kikohozi au kupumua kwa shida kusikoisha. Kupungua uzito bila sababu. Macho kuwa ya njano. Maumivu ya kichwa ya kila siku yenye kutapika.
- Kutokwa damu ukeni kwa anayemeza tamoksifeni (dawa ya homoni) ambaye hedhi yake ilikwisha koma.

Na kuna mambo ya siku hiyohiyo, hata kama ni usiku: mkono au titi kuwa jekundu, la moto, na homa; kupumua kwa shida kulikoanza ghafla; maumivu ya mgongo yanayokuja na miguu kukosa nguvu au kufa ganzi, au mkojo kutoshikika. Hilo la mgongo ukichelewa unaweza kupoteza miguu. Usingoje basi la asubuhi kama kuna gari usiku.

Hatua ya 3: Kilichobaki kipe wiki mbili, kisha nenda

Kuna mambo ya katikati: maumivu yasiyo na sura, mwasho, hisia kwamba titi limejaa. Andika tarehe. Kama baada ya wiki mbili bado yapo au yamezidi, nenda. Kama yameisha, andika kwamba yameisha, utayataja siku ya kliniki.

Wiki mbili nazisisitiza kwa sababu zinawafaa watu wa aina mbili. Kuna anayekimbilia hospitali kila Jumatatu mpaka nauli inamwishia, na siku ya jambo kubwa hana hata ya daladala. Na kuna anayenyamaza miezi akingoja mavuno yaishe, au mtoto amalize mtihani, au mume arudi safari. Huyu wa pili ndiye ninayemwogopea zaidi. Ugonjwa ukirudi kwenye titi au kifuani na ukakutwa mapema, mara nyingi bado unatibika kwa lengo la kupona.

Hatua ya 4: Kusanya karatasi na picha zako kabla ya kwenda

Hapa ndipo sisi wa Kanda ya Kati tunapoumia. Kinyama kilipimwa hospitali moja, upasuaji ukafanyika nyingine, mionzi ikapigwa Dar es Salaam, na sasa unafuatiliwa Dodoma. Kila mahali kuna faili lake na hakuna anayeona yote. Mtaalamu akiisoma mamogramu yako, yaani eksirei ya titi, bila kuona ya zamani, kovu la upasuaji linaweza kuonekana uvimbe wa kutia shaka. Akiwa na ya zamani mkononi, anaona kwamba kitu hicho kilikuwepo na hakijakua. Rafiki yangu aliwahi kupewa majibu ya kutisha, akalala macho siku kadhaa. Mdogo wake alipoileta picha ya mwaka uliotangulia kutoka kijijini, daktari aliziweka mbili kando kwa kando kwenye mwanga, akanyoosha kalamu: hiki hapa, na hiki hapa, ni kilekile.

Tafuta haya na uyaweke pamoja: majibu ya kinyama cha kwanza, majibu ya vipokezi vya homoni na HER2 (alama za uvimbe zinazomwongoza daktari kuchagua dawa), maelezo ya upasuaji, muhtasari wa kemo na mionzi wenye tarehe za kuanza na kumaliza, picha zote za mamogramu, altrasaundi na siti skani, za filamu au za CD, pamoja na karatasi zake za majibu. Karatasi peke yake haitoshi, maana anayelinganisha anahitaji kuona picha yenyewe.

Kama kuna kilichobaki Ocean Road au hospitali nyingine ya mbali, omba kabla hujahitaji. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024 safari ya Dar imekuwa nyepesi, lakini bado ni nauli na siku ya kazi. Piga simu kwanza uulize masjala wanataka nini: namba ya faili, kitambulisho, barua. Kama unamtuma kijana wako, mpe barua uliyosaini.

Vitunze kwenye bahasha kubwa ya kaki, na juu yake andika jina lako kamili, namba za faili na tarehe ya kila kipimo. Filamu usiikunje, usiilaze chini ya godoro, usiiache kwenye joto la bati au ndani ya gari lililoegeshwa juani. Kila karatasi ipige picha kwa simu, na utume nakala kwa mtu mmoja unayemwamini, ili simu ikiibiwa Sabasaba sokoni visipotee vyote.

Kuhusu ratiba: miaka mitatu ya kwanza daktari hutaka kukuona na kukupima kwa mikono kila baada ya miezi 3 hadi 6, mwaka wa nne na wa tano kila miezi 6 hadi 12, baada ya hapo mara moja kwa mwaka. Mamogramu ya kwanza baada ya mionzi hufanyika kati ya miezi 6 na 12 tangu umalize, halafu kila mwaka. Usiiwahishe mno kwa hofu. Titi likiwa bado limevimba kwa mionzi, picha huwa na mawingu na huleta maswali yasiyo na majibu. Uvimbe mpya hauingii kwenye hesabu hiyo. Huo unapimwa wakati wowote.

Na tafadhali usinunue vipimo kwa hofu. Kama huna dalili yoyote, siti skani ya mwili mzima na vipimo vya damu vya kutafuta alama za saratani havishauriwi kufanywa kila mara, kwa sababu havijaonyesha kuwaongezea wagonjwa maisha. Vinaonyesha vivuli visivyo na maana, kisha unaanza kuvifukuza. Fedha hiyo iwe nauli ya kliniki na dawa zako za homoni.

Hatua ya 5: Siku ya kipimo

Uliza kwa simu kama mashine inafanya kazi siku hiyo, na kama kadi yako ya bima inahitaji kibali au rufaa ya kituo chako. Vaa sketi na blauzi, si gauni, utavua juu tu. Usipake deodoranti, poda wala losheni kifuani na kwapani, maana chembe zake hutokea kwenye picha na kufanana na chembe za chokaa zinazotafutwa. Mwambie mpiga picha palipofanyiwa upasuaji na mahali unapohisi kitu. Titi lililotibiwa huuma zaidi likibanwa, mwombe abane taratibu. Atakuelewa.

Hatua ya 6: Siku za kusubiri

Kabla hujatoka pale, uliza majibu yatakuwa tayari lini, utayachukua dirisha gani, na kama hayapo siku hiyo umuulize nani. Andika jina la nesi. Kusubiri kwenye tarehe kuna nafuu kuliko kusubiri hewani.

Siku hizo tumbo huwa joto. Usingizi unakimbia saa nane za usiku na akili inaanza kupanga nani atalea watoto. Kuna yaliyonisaidia mimi na wenzangu. Mwambie mtu mmoja tu, ambaye hatatangaza kwenye kikundi cha ukoo. Simu za shangazi kumi na mbili wakiuliza majibu ni mzigo juu ya mzigo. Jipe saa moja ya mchana ya kuwaza hofu yako wazi, kuiandika au kuilia, kisha amka uende kwenye kazi yenye mikono: kuchambua mboga, kupalilia bustani, kufua. Jioni tembea kabla jua halijazama, na ngozi iliyopigwa mionzi ifunike kwa mtandio, jua letu hili si la mchezo. Kama unasali, sali, na siku ya majibu uende kuyachukua. Anayekwambia maombi yanatosha na usirudi hospitali hakutakii mema, hata kama anakupenda.

Majani ya kupaka au kufukiza kwenye ngozi iliyopigwa mionzi yaache. Ngozi hiyo ni dhaifu, na ikiungua au ikitoa malengelenge, daktari atashindwa kujua anachokiona. Kama umeshaanza kunywa mitishamba, mwambie. Hatakufukuza.

Kama hofu imekaa zaidi ya wiki mbili na huli, hulali, au umeanza kukwepa kliniki kwa sababu huwezi kuvuka geti, hiyo imekuwa ugonjwa wa kutibiwa nayo. Sema hivyo hivyo kwa daktari wako. Hapa Dodoma tuna Mirembe, hospitali ya taifa ya afya ya akili, na najua jina hilo linavyotumiwa mitaani kutaniana. Huko kuna wahudumu wanaozungumza na watu wanaokwenda na kurudi nyumbani siku ileile. Kwenda kuzungumza na mtu kuhusu hofu ya saratani si aibu ya kuficha.

Hatua ya 7: Kuielewa karatasi ya majibu

Majibu huandikwa kwa Kiingereza cha kitabibu, na wengi wetu tunayafungua tukiwa bado kwenye korido. Kama unaweza, usiyasome peke yako. Kama umeshayafungua, nenda chini kabisa, kwenye hitimisho, utafute neno BI-RADS, yaani mfumo wa namba wa kueleza picha ya titi inatia shaka kiasi gani, na namba iliyo mbele yake. Namba hiyo ina maana inayojulikana:

0 ni kwamba kazi haijaisha. Msomaji wa picha anahitaji picha nyingine, altrasaundi, au picha zako za zamani. Haimaanishi huna kitu wala haimaanishi una kitu.

1 ni safi. 2 ni kwamba kuna kitu kimeonekana na kinajulikana hakina madhara: kovu, maji yaliyojikusanya, chembe za chokaa zilizoachwa na mionzi, vibanio vidogo vya chuma ambavyo daktari wa upasuaji huviacha makusudi kuonyesha alipokata.

3 ndiyo inayotesa watu. Maana yake ni kwamba karibu hakika si saratani, uwezekano wa kuwa saratani hauzidi 2 katika 100, na mara nyingi utaambiwa urudi baada ya miezi 6. Miezi sita ni mirefu kwa aliyekwisha kuugua, nakubali. Muulize daktari kwa nini anaona inafaa kusubiri, na kwa kuwa umewahi kuugua, uliza kama kuna sababu ya kuchukua kinyama sasa. Ni swali halali.

4 ni ya kutia shaka, na hapo kinyama kinachukuliwa. Lakini namba hii ni pana mno, kuanzia uwezekano mdogo wa zaidi kidogo ya 2 katika 100 mpaka karibu 95. Kuna 4A, 4B na 4C, A ikiwa ndiyo ya chini. Wengi wa 4A huambiwa baadaye hakuna saratani. 5 ni shaka kubwa, 95 katika 100 au zaidi. 6 ni saratani iliyokwisha kuthibitishwa. Ukiikuta kwenye karatasi yako ya kabla ya upasuaji, ujue inazungumzia uvimbe uliokwisha kutolewa.

Ukiambiwa kinyama, kubali. Siku hizi mara nyingi ni sindano nene kidogo na ganzi. Maneno kwamba sindano inachokoza ugonjwa na kuusambaza yamewachelewesha wanawake wengi. Kuchukua kinyama kwa sindano hakujaonekana kufupisha maisha ya wagonjwa. Uliza tu majibu ya patholojia yanachukua muda gani, maana hayo huchelewa kuliko picha.

Hatua ya 8: Ndani ya chumba cha daktari

Nenda na mtu, naye ndiye aandike. Wewe utasikia sentensi ya kwanza, nyingine zitapita. Foleni ni ndefu na daktari ana haraka, kwa hiyo maswali yawe yameandikwa, matatu au manne. Sema kwa heshima na usiinuke kabla hujajibiwa.

"Mama, hii ni kovu tu, usiwe na wasiwasi."

"Ahsante daktari. Naomba kuuliza, umeilinganisha na picha ya mwaka jana? Ninayo hapa. Na kama kikibadilika, nirudi lini?"

Mazungumzo ya namna hiyo yana faida kuliko kutoka nje ukiwa umejipa moyo nusu. Uliza pia kama alichokihisi kwa mkono kinalingana na kilichoonekana kwenye picha. Hili ni la maana sana: picha ikiwa safi lakini uvimbe unashikika na ni mpya, bado kuna kazi ya kufanya, altrasaundi au kinyama. Picha safi haifuti uvimbe ulio mkononi. Ukiambiwa "nenda tu" na kitu bado kipo, una haki ya kuomba rufaa au kwenda kwa daktari mwingine, na hiyo haimvunjii mtu heshima.

Majibu ni yako. Mume, mama mkwe, mwenyekiti wa kikundi, wote watajua pale utakapotaka wajue.

Hatua ya 9: Kama umeambiwa ugonjwa umerudi

Kaa kwanza. Sio lazima uamue chochote siku hiyo.

Kisha uliza umerudi wapi. Ugonjwa uliorudi kwenye titi lilelile au kwenye kovu la kifuani ni jambo tofauti na ulioonekana kwenye mifupa, mapafu au ini. Wa kwanza mara nyingi hukatwa tena na kutibiwa kwa lengo la kupona. Wa pili kwa kawaida haumalizwi kabisa, lakini una dawa zinazouzuia, na wapo wanawake wanaoishi nao miaka wakifanya kazi na kulea. Uliza kama inaweza kuwa saratani mpya na si ile ya zamani, maana hilo hubadilisha mpango wote.

Omba kinyama kipya kipimwe tena vipokezi vya homoni na HER2, hata kama vilipimwa mara ya kwanza. Vinaweza kubadilika, na dawa inachaguliwa kwa vilivyo sasa. Sasa ndipo siti skani na vipimo vingine vikubwa vina kazi, ili kuona ugonjwa umefika wapi kabla ya kupanga matibabu. Kama unameza tamoksifeni au anastrozoli, usiache mwenyewe kwa kudhani imeshindwa. Daktari ndiye atakayesema uendelee, ubadilishe, au uongeze. Uliza mpango unaanza lini, utafanyika Dodoma au utapewa rufaa, nani anaandika barua ya rufaa, na bima inalipa nini. Bahasha yako ya kaki iende nawe, na karatasi mpya ziongezwe humo siku hiyohiyo.